Hesabu ya Asubuhi na Jioni

Masese, Jinja
4 Machi 1996

Afande Gaster Wanyama,

Salaam. Huenda umenisahau, lakini mimi sijakusahau. Jina langu ni Hajarah, mke wa Sulaiti Mugweri, yule dereva wa lori aliyekamatwa na kahawa ya magendo mwezi wa pili mwaka 1977. Wewe ulikuwa karani wa lango gerezani kwenu Mbale. Kila Jumamosi nilileta kikapu cha chakula chake, ukakiandika kitabuni, na Jumamosi iliyofuata ukanirudishia kikapu kitupu. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyoongea pale langoni. Kigisu sikijui, na sidhani kama wewe umejifunza Kisoga.

Mwezi uliopita, kwenye matanga, nilikutana na Yekosofati, uliyefanya naye kazi. Nilipomtajia mambo yangu alisema, "Muulize Gaster. Yule hata akipiga chafya anaandika saa ngapi." Akaniambia ulikuwa na madaftari yako mwenyewe, mbali na vitabu vya serikali, na kwamba bado unaishi Mbale.

Afande, tarehe 5 Novemba 1977 ulikikataa kikapu changu, ukasema Sulaiti amehamishwa. Nilimtafuta katika magereza manne. Hakuna aliyesema yuko na hakuna aliyesema amekufa. Miaka kumi na tisa sasa mimi si mke na si mjane. Eda sikukaa. Hitima haikusomwa. Kila nikimwendea shehe ananiuliza jambo moja: "Alikufa lini, na nani anajua?"

Naomba tarehe tu. Siku aliyotoka humo, akiwa hai au akiwa maiti. Sitafuti kesi na mtu.

Mimi,
Hajarah, mke wa Sulaiti Mugweri


Namakwekwe, Mbale
15 Machi 1996

Bibi Hajarah,

Barua yako ya tarehe 4 niliipokea tarehe 13, saa nne asubuhi. Ninakukumbuka.

Ni kweli niliandika. Yalikuwa madaftari thelathini na moja, kuanzia mwaka 1965 mpaka nilipostaafu mwaka 1992. Mchwa walipoanza kuyala nilipata kompyuta ya zamani iliyokuwa imetupwa stoo ya misheni, nikayanakili yote kwa vidole viwili, kwa muda wa miaka miwili. Kila daftari lililonakiliwa na kukaguliwa nililichoma mbele ya shahidi, yaani mke wangu Gorreti, naye akaweka sahihi. Ndivyo tulivyofundishwa kazi ya rejista. Kitabu kipya kikianza kazi, cha zamani huchomwa, maana vitabu viwili huzaa uongo. Kwa sababu hiyo hiyo sikuweka nakala nyingine kwenye disketi.

Tatizo ni kwamba kompyuta inaumwa. Tangu Januari ile diski iliyo ndani yake, inayotunza maandishi yote, inagonga kama mtu anayepiga ukucha mezani. Ipo programu ya ukaguzi. Ukiiita, inapita chumba kwa chumba kwenye ramani ya kioo, na penye chumba kibovu inaweka herufi B. Leo asubuhi vyumba vibovu vilikuwa 14. Mwaka 1977 unafunguka kwa shida, na mara nyingine haufunguki.

Jambo la tarehe si la kujibu kwa kumbukumbu. Mtu hukosea. Ni lazima nilisome kama lilivyoandikwa. Naomba uvumilivu.

Wako mtiifu,
G. Wanyama


Masese, Jinja
25 Machi 1996

Bwana Wanyama,

Ahsante kwa kunijibu. Nimelia kidogo, halafu nikaichukua barua yako nikampelekea Parag, Mhindi anayetengeneza redio na kompyuta hapa Jinja. Baba yake alifukuzwa mwaka 1972 pamoja na wenzake, yeye akakulia Kisumu, na amerudi juzi juzi. Kiswahili chake kinashinda changu. Aliposoma habari ya diski kugonga aliruka kutoka kitini. "Mama, mwambie huyo mzee aizime. Aizime leo, asiiwashe tena hata kuangalia saa. Aitoe hiyo diski, ailete hapa mkononi mwangu." Amesema hataki malipo, anataka kuiona tu.

Niambie siku nije kuichukua. Nauli ninayo, na safari hiyo naijua nikiwa nimefumba macho.

Usidhani nakuharakisha kwa kukosa imani. Askari wengine walitufukuza kama mbuzi. Wewe ulituletea maneno kutoka ndani. Mwezi wa nane uliniambia, "Mzee anasema upunguze pilipili, tumbo linamsumbua." Nikapunguza. Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya mume wangu niliyo nayo. Nimeyatunza.

Hajarah


Namakwekwe, Mbale
9 Aprili 1996

Bibi Hajarah,

Kwa heshima zote sikubaliani na fundi wako. Mgonjwa haachwi bila kuangaliwa. Gerezani tulihesabu watu saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na hesabu isipotimia ulirudia mpaka itimie. Hivyo ndivyo ninavyofanya hapa. Nakuandikia kutoka kwenye shajara yangu:

27 Machi: asubuhi 19, jioni 22.
1 Aprili: asubuhi 31, jioni 38.
8 Aprili: asubuhi 52. Jioni programu ilikwama mara tatu, nikairudia mara nne. 59.
Leo asubuhi: 61.

Unaona kwamba sikukaa bure. Nikijua ubovu uko wapi nitajua kilichobaki.

Kuhusu kuja kuichukua, rejista haitoki ofisini. Pia nyumba yangu ni ndogo na Gorreti hajisikii vizuri, kwa hiyo usije. Habari ya pilipili siikumbuki. Ni zamani.

G. Wanyama


Jinja
16 Aprili 1996

Mzee Wanyama,

Salaam. Mimi ndiye Parag. Mama Hajarah amenisomea barua yako hapa dukani, akaikunja, akaniuliza, "Huyu ni mjinga au ni mjanja?" Nimemwambia mimi ni fundi, hakimu yuko barabara ya pili.

Sikiliza, mzee wangu. Ndani ya diski kuna sahani inayozunguka, na juu yake kuna kichwa kinachosoma. Kinatakiwa kuelea bila kugusa, karibu kuliko unene wa unywele. Chako kimeshagusa. Huko kugonga unakokusikia ni chenyewe kikihangaika. Kila kinapopita kinakwangua, na unga wa kukwangua unaenda kuharibu jirani. Wewe unakipitisha sahani nzima mara mbili kwa siku, na penye kidonda unakirudisha mara nne! Wafungwa ukiwahesabu hawapungui, mzee. Hii inapungua kwa sababu unaihesabu.

Jambo la pili. Programu ikikuuliza kama irekebishe makosa, usijibu ndiyo. Haiponyi kitu. Inakata maandishi vipande vipande na kuvipa namba badala ya majina.

Chomoa waya wa umeme. Fungua sanduku. Ni nyaya mbili na skrubu nne, kazi ya kisu cha jikoni. Nitumie.

Parag


Namakwekwe, Mbale
6 Mei 1996

Bibi Hajarah,

Nasikitika kukuarifu yafuatayo.

Tarehe 20 Aprili, hesabu ya jioni, programu iliuliza kama irekebishe makosa. Nilijibu ndiyo, kwa sababu karani hawezi kuona kosa na kuliacha. Barua ya fundi ilinifikia tarehe 22. Nimeendelea na hesabu mpaka tarehe 3 Mei nikitumaini kwamba mambo yatatulia. Hesabu ya mwisho ilikuwa 340. Sasa mashine inagonga tu na haisomi.

Kabla haijanyamaza niliangalia orodha. Faili la mwaka 1977 halimo. Mahali pake pana mafaili mia moja na kumi yasiyo na majina, yana namba tu, na ndani yake ni maneno yaliyokatika.

Tarehe uliyoiomba haipatikani. Naomba tulipokee hili kama mapenzi ya Mungu, na tufunge faili.

G. Wanyama


Masese, Jinja
13 Mei 1996

Bwana Wanyama,

Mapenzi ya Mungu yana siku na saa yake. Hizo ndizo ninazoomba.

Faili ni lako, ukitaka lifunge. Mume ni wangu. Ulikuwa pale, una macho, una kichwa. Mtu aliyehesabu hata sahani za wafungwa atasahau mfungwa mwenyewe? Niandikie unachokumbuka, hata kama ni mwezi bila tarehe, hata kama ni kiangazi au ni mvua.

Usiponijibu nitakuja Namakwekwe kukaa mlangoni kwako. Kukaa mlangoni nimezoea.

Hajarah


Namakwekwe, Mbale
29 Mei 1996

Dada Hajarah,

Hunijui. Mimi ni Gorreti, mke wa Gaster. Barua zako zote nimezisoma, kwa sababu anaziweka kwenye jalada lenye jina lako, kwa mpangilio wa tarehe. Hiyo ya mwisho ameikalia wiki moja bila kuijibu.

Leo amekwenda Malukhu kwenye mkutano wa wastaafu. Nimefungua sanduku la kompyuta kwa kisu, nyaya mbili na skrubu nne kama fundi alivyosema. Diski ndiyo hii. Nimeifunga kwa kitambaa cha gauni langu la zamani la gomesi, nikaitia ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, na mtoto wa dada yangu, Olivia, anayekuletea barua hii, ameahidi kuipakata njia nzima.

Madaftari niliyachoma pamoja naye na sahihi niliweka. Lakini mimi najua kusoma, dada, na daftari la mwaka ule nililisoma kabla ya kulitia motoni. Tarehe ninaijua. Siiandiki mimi, maana ukiipata kwangu utafikiri nimeitunga, ama kumlinda ama kumchongea. Isome kwa maneno yake. Ikiwa mashine imekufa kabisa, nitumie neno moja tu, nami nitakuja Masese nikuambie uso kwa uso.

Sikuombi unisamehe. Ukishasoma utaelewa ninasema nini.

Gorreti


Masese, Jinja
17 Juni 1996

Gaster,

Parag alishughulika na diski yako siku tisa. Aliisoma kipande kwa kipande, na penye ubovu aliruka, hakurudia hata mara moja. Alikuwa akiiwasha dakika chache, akiizima ipoe, huku akiisemesha kwa Kigujarati kama mtu anayembembeleza ng'ombe akubali kukamuliwa. Vipande vingi ni takataka. Vingine ni vizima. Ametafuta neno Mugweri katika vyote na kunichapia karatasi sita. Nakunakilia tatu, maana wewe unapenda nakala.

*"...manne 14.6.77. Mvua tangu alfajiri. Hesabu ya asubuhi 212. Hesabu ya jioni 209. Watatu wametolewa saa tano kwa lori la jeshi, Mugweri S. akiwa mmoja wao. Amri ya mkuu: waandikwe wamehamishwa. Lori limerudi kabla ya saa saba. Nguo zao zimeletwa stoo kufuliwa. Shati la Mugweri lina matundu mawili kifua..."*

*"...18.6.77. Mke wa Mugweri, kikapu: matoke, samaki ngege wa kukausha, pilipili. Nimepokea. Nimepeleka nyumbani. Watoto wamekula waka..."*

*"...mosi 13.8.77. Mke wa Mugweri, kikapu. Pilipili kali mno, mtoto mdogo amelia. Nimemwambia mama apunguze."*

Parag alitaka kunisomea. Nikamwambia nipe, najua kusoma.

Nimezihesabu Jumamosi zako. Tangu tarehe 18 Juni mpaka tarehe 29 Oktoba ni ishirini. Mara ishirini niliamka kabla ya majogoo, nikachagua samaki bora katika waliokaushwa hapa Masese, wale ambao sisi wenyewe hatukula. Ulikuwa ukiinua kifuniko, ukinusa, ukisema, "Leo atafurahi." Nami nilikuwa nikirudi nyumbani nimeshiba kwa neno hilo.

Na ile pilipili! Nimeishi miaka kumi na tisa na neno la mume wangu, kumbe ni la mtoto wako. Mpaka leo napika kwa kipimo chake. Wageni wanasema chakula changu kimepoa, nami najibu, "Mzee hapendi ukali."

Sasa nijibu mambo mawili bila kuniambia habari ya mashine. Lori lilikwenda wapi? Na barua yangu ya kwanza ilipofika, ulikuwa unaijua tarehe?

Hajarah


Namakwekwe, Mbale
1 Julai 1996

Bibi Hajarah,

Yaliyochapwa ni yangu. Nimeyasoma mara tatu na sina la kusahihisha.

Kuhusu swali la pili: niliijua. Niliijua kabla ya kufika kwenye sahihi yako.

Kuhusu la kwanza: lori lilitoka saa tano na robo likaelekea kusini. Lilirudi saa saba kasoro dakika kumi. Kwa barabara za wakati ule halikufika mbali. Zaidi ya hapo sikuandika, na sikumwuliza dereva, ambaye naye alikufa mwaka 1979. Mahali alipolala mumeo sipajui.

Fundi wako aliulizwa kama mimi ni mjinga au mjanja. Nimelifikiria swali hilo. Kila asubuhi nilikaa mbele ya kompyuta nikiamini ninaiokoa. Kila jioni nilipokuta vyumba vibovu vimeongezeka, sikuhuzunika kama ilivyonipasa. Nikaendelea kuhesabu. Siwezi kusema zaidi ya hapo na nikabaki mkweli.

Amri ilikuwa kwamba hakuna aliyekufa. Kama ningekikataa kikapu tarehe 18 ungeuliza sababu, ungelia, na mkuu alikuwa ameahidi kumwingiza ndani mwanamke yeyote atakayelia langoni. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba kambini tulikuwa tunakula posho isiyo na mboga, nina watoto watano, na samaki wako walikuwa wazuri. Juma la kwanza nilipokea kwa hofu. Juma la tatu nilikuwa nakungoja. Novemba nilikukataza kwa sababu karani mwenzangu alianza kuuliza kikapu kinakwenda kwa nani.

Aliyelia kwa pilipili ni Jude. Sasa ni mwalimu. Hajui, na Gorreti anasema nisipomwambia mimi atamwambia yeye. Hayo ndiyo maneno pekee aliyoniambia kwa mwezi mzima.

Ukitaka niape mbele ya shehe wako, au mbele ya mahakama, taja siku. Nitakuja.

Gaster Wanyama


Masese, Jinja
18 Julai 1996

Gaster,

Usije. Karatasi zako zimetosha. Shehe amezisoma, amemhoji Parag alivyozipata, na amekubali kwamba Sulaiti alikufa tarehe 14 Juni 1977. Hitima tumesoma Ijumaa iliyopita.

Baada ya hapo nilimwuliza eda yangu inaanza lini. Nilikuwa nimeshatayarisha chumba. Nilikuwa nimeshamwachia jirani yangu Kadija meza yangu ya samaki, kwa miezi minne na siku kumi.

Shehe alinivutia kiti. Akasema, "Mama, eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, siyo siku ya kupata habari. Yako imekwisha."

Nikamwuliza imekwisha lini. Akahesabu miezi ya mwandamo kwa vidole, akasema iliisha Oktoba ya mwaka ule ule, tarehe ishirini na moja au ishirini na mbili. Tarehe 22 ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa kwenu.

Nikamwambia, "Shehe, nilikuwa nimevaa gauni jekundu. Nilikuwa nimepaka wanja. Miezi yote ile nilijipamba na kucheka na askari ili kikapu kiingie." Akasema asiyejua hana dhambi. Nikamwambia sikuuliza habari ya dhambi. Niliuliza nikae siku ngapi. Akasema, "Hakuna siku zilizobaki, mama. Uko huru tangu zamani."

Hicho ndicho ulichoninyang'anya, Gaster. Chakula si kitu, watoto wana haki ya kula. Mume wangu hukumwua wewe. Lakini zile siku zilikuwa zangu. Kila mjane anapewa, hata maskini, hata mwenye mume mbaya. Watu wanamletea maji, wanamfungia mlango, wanasema kwa sauti ya chini wakipita. Mimi zangu ziliisha nimesimama juani mbele yako, nikikuuliza kama amekula.

Nimekaa hata hivyo. Shehe amesema si eda, na dada wa Sulaiti wanasema nimerukwa na akili, mzee mzima kuvaa nyeupe kwa maiti wa miaka kumi na tisa. Leo ni siku ya saba, na kila anayepita mlangoni anauliza nani amekufa.

Hajarah